Mwendo Mrefu kwa Ajili ya Mwenzio

Vijana wanaouza vinyago karibu na Mnara wa Saa mjini Arusha wana maneno ambayo kila mgeni lazima ayasikie: hapo uliposimama ni katikati kabisa ya safari ya kutoka Cairo hadi Cape Town. Mimi nilifundisha jiografia kwa miaka mingi, na zaidi ya mara moja niliwapa watoto wa darasa la sita atlasi na uzi ili walipime jambo hili wenyewe. Ukiuvuta uzi moja kwa moja kutoka Cairo hadi Cape Town, nusu yake huangukia ndani ya misitu ya Kongo, mbali sana na sisi. Watoto walicheka, kisha wakasikitika kidogo, kwani ni jambo la fahari kuwa katikati ya kitu.

Hata hivyo barabara haifuati uzi. Barabara ile ambayo Waingereza waliiita Barabara Kuu ya Kaskazini iliingia nchini kwetu kwa Namanga, ikapita Longido na Oldonyo Sambu, ikauzunguka Mlima Meru kwa upande wa magharibi, ikashuka mjini Arusha. Kutoka hapo ilikwenda Makuyuni, Babati, Kondoa, Dodoma, Iringa, Mbeya, hadi Tunduma. Kipande cha kati ya Babati na Dodoma kilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika mpaka lami ilipokamilika, na barabara ikafunguliwa rasmi mwaka 2018. Kwa hiyo, msafiri aliyetoka Nairobi akielekea kusini kwa njia hiyo, awe wa gari au wa pikipiki, hakuwa na budi kupita chini ya mlima wetu. Ndiyo sababu ya mimi kuandika habari hizi. Sijawahi kuendesha pikipiki hata siku moja, na sasa nimevuka miaka sabini, sitarajii kuanza. Lakini nimeishi kando ya barabara hiyo karibu maisha yangu yote, na mtu wa kando ya barabara huona mengi.

Siku hizi wapo wasafiri wa pikipiki wa aina ambayo zamani hatukuijua. Mtu hutoka kwao Ulaya au Marekani akaendesha maelfu ya kilomita, akalala porini, akapigwa na mvua, na haendi kufanya biashara wala kuhubiri dini. Ukimwuliza sababu atakuambia kwamba anachangisha fedha kwa ajili ya hospitali ya watoto, au visima, au yatima. Jambo hili huwachanganya sana wazee wenzangu. Mmoja aliniuliza hivi: "Mwalimu, kama anataka kutoa fedha, si atoe tu akae nyumbani kwake? Mafuta anayochoma yangetosha kununua dawa."

Swali hilo si la kijinga, na linahitaji kujibiwa taratibu. Utaratibu wenyewe uko hivi. Msafiri kabla ya kuondoka huwaendea jamaa, majirani, wenye maduka na makampuni, akawaomba kila mmoja aahidi kiasi fulani kwa kila maili atakayoimaliza, au kiasi cha jumla iwapo atafika mwisho. Yeye hutoa taabu yake, wengine hutoa fedha zao. Taabu ni kama rehani: inawaonyesha watu kwamba huyu mwombaji naye ameweka kitu mezani. Katika hali ya kawaida binadamu huona haya kumnyima mtu ambaye amekwisha kujitesa.

Na hao wenzetu wanajua kujitesa. Huko Marekani kuna chama cha waendesha pikipiki ambacho humpa cheti mtu anayeendesha maili 1,000 katika muda wa saa 24. Mashindano yao makubwa huchukua siku 11, na mshindani huweza kumaliza maili 11,000. Niliwahi kuwapa vijana hesabu hiyo kwa kilomita. Maili 1,000 ni kilomita 1,609. Toka Arusha hadi Dar es Salaam kupitia Moshi na Korogwe ni kama kilomita 640. Basi mtu huyo angetoka Arusha alfajiri, akafika Dar es Salaam, akageuza bila kulala, akarudi Arusha, na bado angedaiwa zaidi ya kilomita 300. Mnaoyafahamu matuta yetu ya barabarani na vituo vyetu vya ukaguzi mtakubaliana nami kwamba kwa njia yetu cheti hicho kisingepatikana.

Lakini safari ndefu ya pikipiki ni ya zamani kuliko hisani iliyofungwa nyuma yake. Tarehe 11 Desemba 1934 wanawake wawili wa Kiingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki moja aina ya Panther ya sisi 600, yenye kigari cha pembeni na tela nyuma. Walivuka jangwa la Sahara kutoka kaskazini kwenda kusini, na inasimuliwa kwamba waliingia jangwani bila hata dira. Injini iliwaharibikia huko huko jangwani. Wakaendelea kupitia Afrika ya Magharibi, Kongo, Uganda, Kenya na Tanganyika, wakafika Cape Town tarehe 29 Julai 1935. Hiyo ni miezi saba na nusu. Wallach baadaye, katika Vita Kuu ya Pili, alipeleka barua za jeshi la Uingereza kwa pikipiki, na aliishi hadi mwaka 1999, siku aliyotimiza miaka 90.

Nawataja kina mama hawa kwa sababu mbili. Ya kwanza, wasichana wetu wa shule hawaambiwi habari zao, na ingefaa waambiwe. Ya pili, safari yao haikuchangia mtu yeyote shilingi. Walitaka kuonyesha kwamba inawezekana, basi. Hapa kwetu Tanganyika ya mwaka 1935, watu waliokuwa wakilipa kodi ya kichwa na kuuza kahawa kwa bei ya kupangiwa, hawakuombwa chochote na hawakupewa chochote. Walitimuliwa vumbi tu.

Lini basi taabu ya barabarani ikawa njia ya kuchangisha? Kwa mataifa ya nje, mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kijana wa Kanada, Terry Fox, aliyekatwa mguu kwa ajili ya saratani. Tarehe 12 Aprili 1980 alianza kukimbia kutoka pwani ya mashariki ya nchi yake kwa mguu mmoja wa kweli na mmoja wa bandia. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, mpaka saratani ilipoingia mapafuni akalazimika kusimama. Alikuwa ameomba dola moja kwa kila Mkanada, na kabla hajafariki mwezi Juni 1981 fedha hizo zilikuwa zimepatikana, zaidi ya dola milioni 24. Huyo hakuwa na haja ya kueleza uhusiano wa taabu yake na dawa. Mwili wake ulikuwa maelezo tosha.

Lakini nisingependa msomaji adhani kwamba jambo hili tuliletewa kutoka nje kama sabuni. Mwaka 1967 mimi nilikuwa kijana wa shule. Azimio la Arusha lilipitishwa mwishoni mwa Januari mwaka huo, na mara vijana wakaanza kutembea kwa miguu kutoka mikoani kwenda kuliunga mkono. Tuliwaona wakipita na bendera, midomo imekauka, viatu vimefungwa kwa kamba. Mmoja wao, Seth Benjamin, alikuwa akitembea kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam, akafariki njiani. Mwezi Oktoba mwaka ule ule Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kwenye mkutano wa TANU. Hakuna aliyeahidiwa senti kwa maili. Hata hivyo kila mtu alielewa maana yake: anayetembea analipa kwa miguu yake ili wengine waamini.

Na kuna safari iliyotangulia hizo, ambayo kwangu mimi mzaliwa wa Meru ni kubwa kuliko zote. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wa Engare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa mlima, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa. Wazee hawakushika mikuki. Walichanga. Waliotoa walitoa fedha za kahawa, waliotoa walitoa ng'ombe, na mwaka 1952 kijana wao Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kupeleka malalamiko mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, mtu mweusi kutoka Bermuda aliyekuwa akifanya kazi yake Moshi. Ardhi haikurudishwa safari ile, kwani katika Baraza Kuu azimio la kuitetea halikupata theluthi mbili za kura. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka nchi akiwasimulia watu aliyoyaona, na miaka mitatu baadaye, mwaka 1955, Mwalimu Nyerere naye alikwenda huko huko.

Ninapowasikia watu wakisema kwamba Mwafrika hajui hisani ya kuchangia jambo la mbali, huwauliza kama wamewahi kusikia habari za Engare Nanyuki. Tofauti iliyopo ni ya mpangilio. Kwa wenzetu msafiri huteseka na fedha zinakwenda kwa watu ambao hawajamtuma. Kwa wazee wetu wenye shida ndio waliotoa fedha, wakamtuma msafiri, na akirudi wakamwuliza: Umesemaje? Umejibiwa nini? Kirilo alipaswa kujibu. Nitairudia habari hii ya kujibu, kwani kwayo naipimia misafara yote ya hisani.

Nije sasa kwenye misafara yenyewe. Mwaka 2007 waigizaji wawili wa Uingereza, Ewan McGregor na Charley Boorman, waliendesha pikipiki za BMW kutoka ncha ya kaskazini ya Scotland hadi Cape Town. Walianza tarehe 12 Mei, wakamaliza tarehe 4 Agosti, wakapita nchi 18, zikiwamo Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania, mwendo wa maili kama 15,000. Nyuma yao yalikuwapo magari ya msaada na wapiga picha, na filamu yao ilionyeshwa katika televisheni. Wazee wenzangu watasema: hiyo si taabu, hiyo ni sinema. Kiasi fulani nakubali. Lakini safari hiyo ilitangaza na kuchangia mashirika matatu: UNICEF, hospitali za watoto wagonjwa huko Scotland, na shirika liitwalo Riders for Health. Hili la tatu ndilo lililonivuta, kwa sababu kazi yake ilihusu kitu nilichokijua kwa macho yangu.

Historia yake ni fupi. Mwaka 1988 Randy Mamola, Mmarekani bingwa wa mbio za pikipiki aliyewahi kushika nafasi ya pili ya dunia mara nne, alikwenda Somalia pamoja na mwandishi wa habari Barry Coleman. Mamola alikuwa amekusanya fedha kwa ajili ya watoto, naye alialikwa aone zinavyofanya kazi. Walichokiona ni pikipiki na magari ya wahudumu wa afya yamelala, mengine yakiwa bado mapya, kwa kukosa vitu vidogo: cheni, plagi, chujio la hewa, oili iliyobadilishwa kwa wakati wake. Coleman na mkewe Andrea hawakurudi nyumbani kuchangisha pikipiki nyingine zaidi. Walianza kufundisha watu namna ya kuzitunza zilizopo. Mwaka 1991 walianza kazi Lesotho, nchi ya milima ambako mhudumu wa afya asipokuwa na pikipiki au farasi hafiki kokote, na mwaka 1996 shirika lao likaundwa rasmi. Kila asubuhi mwendeshaji hukagua breki, upepo, mafuta, cheni na skrubu kabla ya kuwasha injini. Fundi huja kwa ratiba, hata kama hakuna kilichoharibika. Spea hubadilishwa kabla hazijakatika.

Niliposoma habari hizo niliweka kitabu chini nikatoka nje. Yale waliyoyaona Somalia mwaka 1988 sisi tulikuwa tumeyaona kwenye miteremko ya Meru miaka sita kabla.

Mwaka 1982 nilikuwa mwalimu mkuu kijana katika shule ya msingi iliyoko juu ya Usa River, mahali ambapo migomba inaanza kuachia nafasi msitu. Shule yetu ilikuwa pia kituo cha chanjo, kwa vile ndilo lililokuwa jengo pekee la bati lenye baraza pana. Mara moja kwa mwezi alikuja mhudumu wa chanjo kwa pikipiki ya msaada, kisanduku cha baridi kimefungwa nyuma kwa mpira wa baiskeli. Siku hiyo kina mama waliteremka toka juu tangu alfajiri, watoto mgongoni. Waliusikia mlio kabla ya kumwona mtu, na jina lenyewe la chombo hicho, kama ujuavyo, limetokana na mlio wake.

Mwezi mmoja mlio haukusikika. Kina mama walikaa barazani mpaka saa tisa alasiri, wakaondoka. Mwezi wa pili ikawa vivyo hivyo. Nikatuma ujumbe, nikajibiwa kwamba cheni imekatika na gia ya nyuma imeliwa meno. Ni vitu ambavyo leo kijana yeyote anavinunua dukani Usa River kwa fedha ya siku chache.

Msomaji aliyezaliwa baadaye hawezi kuelewa bila kuelezwa kwa nini cheni ilikuwa kitu kigumu namna hiyo. Spea za Arusha tangu zamani zilitoka Nairobi kupitia Namanga. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ulifungwa, na ukabaki umefungwa mpaka Novemba 1983 marais wa nchi tatu walipokutana papa hapa Arusha. Katikati ya hapo vilipita vita vya Kagera, ambavyo vilikomba akiba ya fedha za kigeni. Petroli ikawa ya kibali. Magari ya binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili mchana. Sabuni tulipanga foleni, seuze cheni ya pikipiki ya Kijapani. Wafadhili waliotoa pikipiki ile walitoa pikipiki tu. Hawakutoa cheni ya pili, hawakutoa fundi, na hakuna aliyerudi mwaka uliofuata kuuliza kama bado inatembea. Mhudumu mwenyewe alijaribu kuja kwa miguu mara moja. Alifika jua limekwisha kuwa kali, na barafu ndani ya kisanduku imekuwa maji.

Baadaye mwaka ule surua ilipita kijijini. Sitasema kwamba cheni ndiyo iliyoua, kwa sababu surua iliua hata mahali ambapo pikipiki ilifika. Nasema tu kwamba nilipofungua rejista ya Darasa la Kwanza mwaka 1989, kulikuwa na majina mawili ambayo nilikuwa nimeyafahamu tangu yakiwa mgongoni, na sikupata nafasi ya kuyaandika.

Kwa hiyo mtu anaponiuliza kama misafara hii ya hisani ina maana, jibu langu halitegemei ukubwa wa taabu ya msafiri. Maili 1,000 kwa siku moja ni ushujaa, sikatai, na ushujaa hupendeza. Jibu langu linategemea maswali ya Kirilo. Fedha zilikwenda wapi? Aliyetumwa alirudi kusema nini? Pikipiki iliyonunuliwa itawashwa na nani mwaka wa nne, wakati picha za msafara zimekwisha kufifia? Msafara hupendwa kwa sababu una mwanzo na mwisho, una bendera na mkanda wa kukata. Oili ya injini haina mkanda wa kukata. Inabadilishwa leo, na baada ya kilomita elfu mbili tatu inataka kubadilishwa tena, na hakuna mgeni rasmi anayeitwa kushuhudia.

Hili haliwahusu wageni peke yao. Mwaka 2018 serikali yetu iligawa pikipiki zaidi ya 2,000 kwa Maafisa Elimu Kata nchini kote ili waweze kuzifikia shule. Nililipokea jambo hilo kwa furaha, kwa kuwa katika miaka yangu mratibu alitembelea shule ya mlimani pale tu alipopata lifti ya lori la kahawa. Lakini mwalimu mmoja niliyemfundisha, ambaye naye sasa anakaribia kustaafu, aliponipigia simu kunipa habari hizo, swali langu la kwanza lilikuwa fungu la matairi liko wapi. Akacheka akasema, "Mwalimu hujabadilika."

Katika mji wetu wapo watu ambao mwendo mrefu wa pikipiki ndio kazi yao ya kila siku, nao hawapewi cheti. Ni vijana wa bodaboda, ambao Arusha tumewazoea kwa jina la toyo. Kazi hiyo ilianzia mpakani mwa Kenya na Uganda kwa baiskeli, ikaingia kwetu kwa pikipiki za bei nafuu kutoka Uchina na India, na tangu mwaka 2010 kanuni za serikali zinaitambua kama biashara ya kubeba abiria. Najua lawama zao zote. Nimeona wodi zilizojaa miguu iliyovunjika, na nimezika wanafunzi wangu wawili waliokuwa wakiendesha bila kofia ngumu. Hata hivyo fanya hesabu kidogo. Kijana anayetoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku, akipanda Tengeru, Akheri na Nkoaranga na kushuka tena, anakaa juu ya kiti kile saa kumi na sita. Usiku wa manane mama mjamzito akishikwa na uchungu huko juu, gari halifiki. Anayeitwa ni yeye, na mara nyingi anapomfikisha mama hospitali anaona haya kudai nauli.

Karibu na nyumbani kwangu kipo kijiwe cha vijana kama thelathini. Mwaka juzi waliniomba niwe mtunza daftari wao, kwa kuwa hawakuaminiana na walijua kwamba mimi sina mahali pa kukimbilia. Kila mmoja hutoa shilingi elfu moja kwa siku anayofanya kazi. Nilipoanza, daftari lilikuwa na safu tatu: ajali, msiba na uzazi. Kijana mmoja akavunjika mguu Kikatiti, mfuko ukamlipia bandeji ngumu na dawa, na wenzake wakapanga zamu ya kuiendesha pikipiki yake ili mkewe na watoto wasilale njaa. Hiyo nayo ni hisani kwa mwendo wa pikipiki, ingawa haitaandikwa kwenye gazeti.

Nilipendekeza tuongeze safu ya nne. Walibishana jioni nzima. Wengine walisema kila mtu atunze chombo chake, wengine wakasema mtu asiye na breki atamgonga hata aliye na breki. Mwishowe walikubaliana kutenga shilingi mia mbili katika kila elfu moja. Safu yenyewe haina jina kubwa; niliandika kwa kalamu nyekundu "cheni, breki, tairi", na chini yake tarehe ambayo kila pikipiki ilikaguliwa na fundi. Juma lililopita tulilipia matairi mawili ya nyuma na nyaya tatu za breki. Pikipiki moja ilizuiwa kubeba abiria kwa siku mbili mpaka fundi aipitishe, na mwenyewe alinuna, akaja kusaini.